Karatasi Nyuma ya Spesa

Mashine ya kukereza ukiizima haikatiki ghafla. Kichwa chake huendelea kuzunguka, mngurumo ukishuka taratibu kama mtu anayepitiwa na usingizi huku bado anazungumza, mpaka kinatulia. Fundi alikuwa ameisikia hali hiyo tangu ujanani bila kuitilia maanani. Lakini tangu kaka yake afariki, kila alipoizima, katika ile mizunguko ya mwisho mwisho alisikia mtu akiita kutoka nyuma ya karakana: *Njoo ushike karatasi.*

Haikuwa sauti ya kutisha. Ilikuwa sauti ya mtu aliye na kazi mkononi, anayejua kwamba ataitikiwa. Fundi hakuwa mtu wa kuzungumzia mizimu, kwa hiyo alijitafutia dawa yake kimya kimya: aliacha kuizima mashine. Ilizunguka bure akinywa chai, ikazunguka bure akienda dukani kununua msasa. Jirani yake, fundi bodi, alimtania kwamba ile mashine sasa ni mke, hailali mpaka mume arudi.

Nyuma kabisa, chini ya turubai, lilikaa gari la kaka yake.

Huyo kaka mtaani walimwita Unywele, kwa sababu kwake kila kitu kilikuwa bado unywele mmoja tu. Angepima, angekunja uso, angesema, "Toa unywele." Mdogo wake angetoa. Angepima tena. "Toa mwingine." Wao wawili ndio walioendewa na wenye magari yaliyoshushwa. Gari likifungwa springi fupi likalala chini, magurudumu nayo hujificha ndani ya fenda kama kichwa cha kobe. Spesa, sahani nene ya alumini inayofungwa kati ya habu, yaani kitovu cha gurudumu, na rimu, ndiyo inayolisukuma gurudumu litoke nje, likae sawa na bodi. Ikikaa vibaya, hata kidogo sana, bolti huanza kulegea zenyewe barabarani.

Ndiyo maana walikuwa na mtindo wao, waliojitungia wenyewe. Walikata vipande vinne vyembamba vya karatasi ya mfuko wa saruji, wakavipachika nyuma ya spesa: juu, chini, huku na huku. Mmoja anakaza bolti kidogo, mwingine anavuta karatasi moja moja. Zote zikigoma, spesa imelala vizuri. Moja ikichomoka, upande ule una upenyo, na spesa inarudi mezani. Halafu bolti zinalegezwa, karatasi zote zinatolewa, ndipo bolti zinakazwa moja kwa moja. Haikuwa kazi ya mikono miwili.

Gari la Unywele mwenyewe lilichomoka gurudumu la nyuma kwenye mteremko, likaenda kujibamiza kwenye ukuta wa daraja. Spesa za gari lile zilikerezwa na Fundi, kwa mkono wake, kwenye mashine hii hii. Msibani watu walisema ajali haina kinga. Hakuna aliyemuuliza chochote, wala hakuna aliyemtazama kwa jicho baya, na hilo ndilo lililomkosesha raha. Gurudumu lilipatikana mtaroni, likatupwa ndani ya buti likiwa bado na spesa yake mgongoni. Fundi hakuwahi kulifungua buti lile. Vijana walipokuja kuulizia spesa aliwaambia hafanyi tena. Alikereza puli na bushi, vitu visivyobeba roho ya mtu.

Asubuhi moja shemeji yake, mjane wa Unywele, aliingia huku ameziba masikio.

"Hodi, shemeji. Au nimwombe ruhusa mkeo huyu anayenguruma?"

"Karibu, shemeji. Kiti kina grisi, tandika gazeti."

"Sikai. Nikikaa nitasahau nilichofuata." Alitazama nyuma, kwenye turubai. "Gari nalitaka."

"Lipo."

"Najua lipo. Limepiga magoti pale kama lina kesi. Mlango fundi bodi ameshaunyoosha, kioo kimeingia. Kimebaki nini? Mimi nashona sare za shule, kila mzigo nakodi gari la watu, na gari la mume wangu limejifunika turubai kama mwali."

"Nitakufungia springi zake za zamani, liinuke. Halitahitaji spesa."

"Nani kakwambia nalitaka limeinuka? Mwenyewe alilitaka chini. Nikilipanda nataka nijue ni lile."

Fundi alifuta mikono kwenye kitambaa, kidole kimoja kimoja. "Spesa sifanyi tena."

"Sikulazimishi, shemeji yangu. Kuna mkerezaji ng'ambo ya soko. Nitamwita aje alivute."

Hakulisema kwa kutisha. Lakini Fundi aliona jambo lote mbele yake: yule mtu wa ng'ambo ya soko atafungua buti, atalipindua gurudumu, na kwa mtu wa kazi kutupa jicho mara moja kunatosha. Kama spesa ndiyo iliyoua, mgeni atajua kabla yake. Kisha atamwambia shemeji, pengine huku anatafuna kitu.

"Usimwite," alisema. "Rudi alasiri."

Alipobaki peke yake aliondoa turubai. Alianza na kupima, maana kupima ndiko alikokuweza. Alining'iniza timazi kwenye ukingo wa fenda, akasoma umbali kutoka uzi mpaka kwenye habu, akapunguza upana wa kidole ili tairi lisije likasugua gari likibeba mizigo ya sare. Alichora duara kwa chaki juu ya meza, akagawa sehemu za bolti, akafuta, akagawa upya. Kisha hakikubaki cha kupima isipokuwa kilichomo ndani ya buti.

Buti lilifunguka bila kugoma. Gurudumu lilikuwa limelala kifudifudi, vumbi la mtaro limekauka juu yake. Alilibeba kama mtu anayebeba mgonjwa, akaliweka mezani, mgongo juu.

Aliitazama spesa yake kwa muda kabla ya kuigusa. Halafu akaipima. Tundu la katikati lilikuwa sawa. Mdomo unaokaa kwenye habu ulikuwa sawa. Ukingo wa ndani aliokuwa ameulaza kwa tupa, ili usigombane na kona ya habu, ulikuwa umelazwa vizuri pande zote. Alipima tena kuanzia mwanzo, akitafuta kosa lake kama mtu anayetafuta ufunguo uliopotea, tena akitaka aupate. Hakukuwa na hata unywele.

Ndipo alipoona, upande wa chini, utepe wa rangi ya kahawia uliogandamana na alumini kwa mafuta na mkazo. Upana wa kidole. Ncha yake ya nje ilikuwa imechanika.

Karatasi ya mfuko wa saruji.

Mtu aliivuta, ikakatika, kipande kikabaki ndani. Bolti zikakazwa juu yake. Siku baada ya siku karatasi ikasagika, na bolti zikabaki zimekaza hewa.

Fundi alikaa kwenye kiti chenye grisi bila kutandika kitu. Sasa aliikumbuka vizuri ile alasiri ya kufunga spesa hizo. Alikuwa katikati ya mkato mrefu, wa aina ambayo ukiuacha unaharibu kazi. Kaka yake aliita kutoka nyuma: njoo ushike karatasi. Naye akajibu, "Nakuja." Mkato ulipokwisha alikuja mteja, wakaongea. Baadaye Unywele alitokea akijifuta mikono, akicheka. "Nimeshamaliza, Bwana Nakuja." Fundi naye alicheka. Hakuwa amelificha jambo hili. Alikuwa amelisahau tu. Mashine ndiyo haikusahau.

Alikereza spesa mpya mchana wote, jozi ya nyuma. Shemeji aliporudi, alikuwa anamalizia kuzipiga msasa. Fundi akaizima mashine. Mngurumo ulishuka, na sauti ikaja kama kawaida yake. Safari hii alikwenda.

"Shemeji, njoo ushike karatasi."

Alimwelekeza jinsi ya kuvuta. Na wakati yeye anakaza, uso wake ukiwa kwenye habu, alimweleza yote: utepe, mkato mrefu, neno alilojibu. Hakujipunguzia wala hakujiongezea.

Shemeji aliweka kidole juu ya karatasi.

"Siku ile ya mwisho kaka yako alipotoka," alisema, "nilimwita mlangoni. Chakula kilikuwa kinapoa. Akasema, nakuja." Alivuta karatasi ya kwanza, iligoma. "Tukianza kuhesabu waliosema nakuja katika familia hii, shemeji, hatabaki mtu wa kuhesabu. Hii nayo imegoma. Sasa?"

"Zikigoma zote, ni vizuri."

"Zote zimegoma."

Fundi alilegeza bolti. Shemeji akatoa vipande, akavipanga kwenye kiganja, akamwonyesha kimoja kimoja bila kuambiwa. Vinne, vizima. Ndipo Fundi alipokaza.

Jioni haijaingia, gari liliteremka mtaani, tumbo chini, magurudumu yamejaa fenda. Shemeji alipiga honi kwenye kona, ndefu kupita kiasi, na fundi bodi akapiga makofi kama yeye ndiye aliyelitengeneza.

Fundi alirudi ndani akamalizia bushi ya mtu. Alipomaliza aliizima mashine, akasimama. Mngurumo ulishuka, kichwa kikazunguka, kikazunguka, kikatulia, na hakuna aliyeita. Nyuma, pale palipokuwa na turubai, palikuwa na sakafu tupu na alama za mafuta.

Aliiwasha tena, bila kufunga chuma chochote. Akaizima. Akaiwasha.

"We bwana," fundi bodi aliita kutoka upande wa pili wa ukuta, "swichi imeharibika?"

"Haijaharibika."

"Sasa washa, zima, washa, zima, unafanya nini?"

Fundi aliizima, akainamisha kichwa mpaka mzunguko wa mwisho.

"Nasikiliza," alisema.