Rangi ya Vernetta

Kwa miaka ishirini na mitatu Vernetta Goodloe alikuwa nesi. Si nesi wa kuchoma watu sindano, bali nesi wa kwenye filamu, yule anayefungua mlango na kusema, "Daktari, mgonjwa ameamka," kisha haonekani tena. Walipochoka kumpa unesi wakampa uhakimu, akagonga nyundo mezani na kuwanyamazisha watu mahakamani. Kati ya hayo mawili alikuwa mama wa marehemu. Aliwalilia watoto saba waliopigwa risasi, wote wa kuigiza, na waongozaji wote saba walimwambia analia vizuri sana. Wasichana wa Kizungu aliowafungulia milango ile wakawa nyota, wakazeeka, na uzee wao nao ukaandikiwa filamu. Yeye akabaki mlangoni.

Mvumilivu hula mbivu, mama yake alimwambia kila Krismasi. Basi alipofikisha miaka arobaini na saba mbivu ikaja. Ilikuwa filamu ya upelelezi, na nyingine mbili zingefuata kama ya kwanza ingependwa, na mpelelezi mwenyewe ni yeye. Kwenye karatasi ya ratiba inayogawiwa kila siku ya kazi, waigizaji hupewa namba kwa uzito wao, na namba moja ndiye mwenye filamu. Siku ya kwanza Vernetta alipoiona namba moja kando ya jina lake, aliingia kwenye choo cha trela yake, kile chumba chenye magurudumu anachopumzikia mwigizaji, akakaa juu ya mfuniko, akalia. Safari hii hakuna aliyemwambia alie.

Aliyempigania ni Clifton Oglesby, mtayarishaji wa filamu, Mweusi mwenzake. Walijifunza uigizaji pamoja kwenye chumba cha chini ya kanisa moja pale Leimert Park, mtaa wa Weusi, wote wawili na viatu vilivyotoboka. Cliff aliacha kuigiza mapema, akavaa suti, akaanza kukaa kwenye vyumba ambako mambo huamuliwa. "Dada, niliwaambia ni Vernetta au hakuna filamu," alimwambia, na ilikuwa kweli. Vernetta hakulisahau hilo, na Cliff naye hakumwacha alisahau.

Sasa, kila mwigizaji mwanamke Mweusi wa Los Angeles ana mkoba wake. Anautoa nyumbani na kwenda nao kazini kama fundi na sanduku lake la nyundo. Ndani mna fondesheni ya rangi yake, poda, mafuta ya nywele, chanuo, gundi ya wigi. Anaubeba kwa sababu wapambaji wa filamu wana rangi arobaini za kuwapaka Wazungu, kuanzia ya maziwa hadi ya biskuti, na kwa ajili yake wana kopo moja tu lililoandikwa "kahawia," na likimkauka usoni anafanana na jivu. Vernetta alijifunza hilo mwaka wake wa kwanza, alipojiona kwenye skrini kama maiti iliyosahauliwa. Tangu hapo alichanganya rangi yake mwenyewe jikoni kwake, vichupa viwili na tone moja la nyekundu, na kila trela ya mapambo aliyoingia alisema kwa upole, "Msijali, nimekuja na yangu."

Ndiyo maana Jumanne ya wiki ya nne, Kirsten, mpambaji mkuu, alipomwomba kichupa chake, Vernetta hakujiuliza mara mbili.

"Niazime dakika tano tu, mpenzi," Kirsten alisema. "Nataka niijue rangi yako sawasawa."

Moyo wa Vernetta ulilainika. Miaka ishirini na mitatu, na hatimaye kuna mtu anataka kujua! "Chukua, mama," alisema. "Halafu usisahau tone la nyekundu. Hiyo ndiyo siri yake."

Siku hiyo walikuwa wanapiga picha za sehemu ngumu kuliko zote. Mpelelezi anasukumwa kutoka juu ya ngazi za mahakama, anabingirika hadi chini, kisha anainuka na damu usoni na kumfunga muuaji pingu. Kubingirika si kazi ya mwigizaji, kuna watu waliosomea kuanguka badala yake. Vernetta alikuwa ameomba, tena kwa maandishi, aletewe Ondrea Batiste, mwanamke Mweusi wa kimo chake ambaye kwa miaka kumi na mitano alikuwa akianguka kutoka kwenye magari, madirisha na farasi bila kuvunjika kidole. Walimjibu kwamba Ondrea alitafutwa, hakupatikana, na watampata mwingine.

Saa nne asubuhi alitoka nje na kikombe chake cha kahawa, akauona mgongo wake mwenyewe. Koti ni lile lile. Buti ni zile zile. Nywele ni zile zile za kusokotwa, zimeshuka hadi mabegani. Ule mgongo ukageuka, na katikati ya uso wa rangi yake Vernetta akaona macho ya bluu yanamchekea.

"Hujambo! Naitwa Paige," yule binti alisema, akanyoosha mkono uliopakwa hadi kwenye kiwiko. "Mimi ndiye wewe leo!"

Nyuma ya sikio palikuwa peupe. Walisahau kupapaka, au waliona hakuna atakayetazama. Lakini si hapo palipomchoma Vernetta. Kilichomchoma ni rangi yenyewe. Ilikuwa yake kabisa, haikupungua wala kuzidi, na ule wekundu wa mbali ulikuwemo. Kumbe wanaweza! Miaka yote ile wamemwekea lile kopo la jivu na kumwambia taa ndizo zina matatizo, na leo, kwa ajili ya Mzungu, rangi imepatikana kwa dakika tano. Na siri ameitoa yeye kwa mdomo wake, tena kwa furaha, kama mjinga. Damu ilimchemka hadi kahawa ikamwagika kwenye buti.

"Kirsten!" aliita. "Njoo hapa uniambie hiki ni nini."

Kirsten alikuja na brashi mkononi, mashavu yamemwiva. "Si ulinipa mwenyewe? Nimeambiwa nimfananishe, nimemfananisha. Mimi siajiri watu hapa, Vernetta."

"Miaka yangu yote hamna rangi. Leo mnayo?"

"Usinigeuzie kibao. Mimi nipo hapa wiki nne tu."

Vernetta alimgeuzia mgongo. Alitoa simu, akampigia Ondrea, akaiweka sauti juu ili kila aliyesimama pale asikie. Cliff alikuwa ameshafika, suti imenyooka, tabasamu tayari.

"Ondrea, uko wapi?"

"Niko nyumbani, Inglewood, nakunja nguo. Kwani kuna nini?"

"Hawa wa filamu yangu walikupigia simu?"

"Nani anipigie? Shoga, hii simu imelala hapa kama paka tangu mwezi jana. Nimeanza kufikiri nimekufa na hamjaniambia."

Vernetta alimtazama Cliff. Tabasamu la Cliff lilikuwa limekwenda zake.

Waliingia kwenye trela, mlango ukafungwa. Cliff alibaki amesimama. Alieleza kwamba ngazi za mahakama wamepewa siku moja tu, kwamba msimamizi wa mianguko ana watu wake aliowazoea, kwamba kwenye skrini itaonekana kama sekunde tatu na hakuna binadamu atakayegundua.

"Mimi nimegundua," Vernetta alisema.

"Dada, nakuomba. Hujui nilivyokupigania. Ukikataa leo, hawatakuita wewe, wataniita mimi. Wataniambia, si tulikuambia, Cliff? Na wewe watakuandika kwamba ni mgumu kufanya naye kazi. Unajua mwanamke wa kwetu akishaandikwa mgumu anakwenda wapi."

"Anarudi unesi."

"Hata unesi hapati!"

"Nijibu kitu kimoja tu. Yule binti ulimwona asubuhi?"

Cliff aliangalia viatu vyake. Vilikuwa vizuri, havikutoboka. "Nilimwona."

"Ukasema nini?"

"Nilinywa kahawa yangu, Vernetta. Nikasema nini? Nilinywa kahawa."

Kikulacho ki nguoni mwako. Kama angekuwa Mzungu angemtukana na kumsahau, lakini huyu walikula naye mkate mmoja na sadini za kopo chini ya kanisa, na walikuwa wakiwacheka pamoja Wazungu wa zamani waliojipaka masizi jukwaani na kuchezesha midomo ili kuwaigiza Weusi. Wakati ule Cliff ndiye aliyecheka kwa hasira kuliko wote.

"Toka," alimwambia. "Mwiteni Ondrea. Akifika, nitatoka. Asipofika, mpigeni picha Paige hadi mwisho wa filamu. Si ndiye mimi?"

Alikaa mle ndani saa mbili na nusu. Walimgongea mlango mara tano. Mwongozaji, kijana mwenye ndevu za mbuzi aliyekuwa ameshatengeneza filamu moja tu, alisema kupitia dirishani kwamba jua linahama. Vernetta akamwambia alisalimie. Alikuwa anaogopa, tusidanganyane. Hii ndiyo namba moja yake ya kwanza na pengine ya mwisho, na alijua kila dakika anayokaa mle inamkata kitu ambacho hakishoneki tena.

Ondrea alifika kwa gari lake mwenyewe, pedi za magoti zikiwa kwenye mfuko wa plastiki. Paige alikuwa ameinama kwenye ndoo, anajiosha, na maji yamegeuka kahawia. Alikuwa analia, akasema aliambiwa hakuna mwingine. Vernetta hakumchukia. Hakumhurumia pia.

"Haya niambie," Ondrea alisema akijifunga pedi. "Leo umenipa kazi, au umeninyang'anya kazi za mwaka mzima?"

"Sijui, Ondrea. Kweli sijui."

"Angalau hujanidanganya. Msimamizi amenipa mkono bila kuniangalia. Mwenzangu, wewe ukigoma unaitwa mgumu. Mimi sitaitwa chochote, sitaitwa tu." Kisha akacheka, akampiga Vernetta bega. "Lakini acha nikaanguke. Nimekuja mpaka hapa, wataniona!"

Alianguka mara moja tu, ngazi thelathini na mbili, mzima mzima, na alipotua chini mafundi wa taa walipiga makofi kabla hawajaruhusiwa. Hata mwongozaji alipiga. Vernetta alienda nyumbani jioni hiyo akiamini ameshinda.

Asubuhi iliyofuata alikuta kurasa za waridi zimesukumwa chini ya mlango wa trela. Skripti ikibadilishwa, kurasa mpya hutolewa kwa karatasi za rangi nyingine ili mtu asichanganye, na za waridi zilikuwa mbili tu. Alizisoma akiwa amesimama. Mpelelezi anaanguka. Hainuki. Msaidizi wake, msichana mwenye nywele za manjano, namba mbili kwenye ratiba, anamfunga muuaji pingu, kisha anapiga magoti na kuvua beji kwenye koti la mpelelezi. *Mpelelezi anafumba macho. Amekufa.* Na filamu mbili zinazofuata, bila shaka, mwenye beji ndiye mwenye filamu.

Cliff alikuwa amesimama nje, kwenye kivuli cha trela. Hakugonga.

"Wakubwa wanaona hivi inagusa zaidi," alisema.

"Inamgusa nani?"

"Dada…"

"Usiniite dada. Dada yako amekufa ukurasa wa mia moja na nne."

Kuondoka asingeweza. Mkataba ulisema ataigiza kilichoandikwa, na akiondoka, lile neno mgumu lingekuwa limepata muhuri na sahihi. Alivaa koti. Alijipaka rangi mwenyewe, akaenda kwenye zile ngazi, ambazo kumbe zilipatikana kwa siku ya pili bila shida yoyote.

Akalala kwenye jiwe la chini, damu ya bandia imeganda shavuni. Kamera ikashushwa juu ya uso wake. Msichana wa nywele za manjano akapiga magoti, akalia vizuri, akavua beji. Wote wakangoja macho yafumbe.

Hayakufumba.

"Rudia," mwongozaji alisema.

Walirudia. Msichana akalia tena, beji ikavuliwa tena, na Vernetta akaendelea kuitazama kamera moja kwa moja, bila kupepesa, mpaka machozi ya ukavu yakamchuruzika kuelekea masikioni. Walirudia mara ya tatu na ya nne. Mara ya sita mwongozaji alikuja akachuchumaa kando yake.

"Bi Goodloe, tafadhali. Skripti inasema unafumba macho."

"Nimeisoma."

"Basi fumba. Umekufa."

"Kijana, maiti haijifumbi macho. Hufumbwa na wenzake." Hakuinua kichwa. Sauti yake ilitoka kwenye jiwe na kila mtu aliisikia. "Mwenye kutaka yafumbwe aje ayafumbe kwa mkono wake. Cliff! Yuko wapi Cliff?"

Cliff alikuwa ameketi nyuma ya skrini ndogo, kwenye kiti chenye jina lake. Mwongozaji aligeuka kumtazama, mafundi wakageuka, msichana mwenye beji akageuka. Mtu mmoja akanong'ona kwamba itapendeza, mkono wa mwanamume Mweusi, rafiki wa zamani, uwekwe tu kwenye picha, na mwongozaji akaitikia kwa kichwa, macho yamemng'aa. Wakampa Cliff koti la polisi. Alilivaa.

Alikuja, akapiga goti. Kwa karibu Vernetta aliona jasho juu ya mdomo wake. Kiganja kilishuka usoni mwake, kikateremka taratibu kutoka kwenye paji la uso hadi kwenye mashavu, na kope zikalala chini yake.

"Safi sana!" mwongozaji alinong'ona. "Sasa ondoa mkono."

Cliff aliondoa mkono. Macho ya Vernetta yalikuwa wazi, yanamtazama yeye.

"Rudia, Cliff," alimwambia.