Kufuli la Mteja wa Kwanza

Chandrakala hakuwa mtu wa kuogopa ramani. Tangu aolewe alikuwa akiuza misumari, saruji na rangi katika mji wa Kisii, na ramani za nyumba alikuwa ameziona nyingi zikifunuliwa juu ya kaunta yake na mafundi wenye vumbi hadi kwenye kope. Lakini ile iliyobandikwa nje ya ofisi ya mipango ya mji ilimtoa jasho. Ilionyesha jengo la maduka, moli kama wanavyoita vijana, litakalosimama kwenye kiwanja kitupu nyuma ya duka lake. Palikuwa na miti ya mapambo, ngazi za umeme na magari yaliyopangwa kwa adabu ambayo magari ya Kisii hayajawahi kuwa nayo. Na pale penye kichochoro palichorwa mstatili wa kijivu ulioandikwa: uwanja wa kupakulia mizigo.

Kichochoro chenyewe hakikuwa kitu cha kupigia picha. Kilikuwa kinjia cha udongo kati ya ukuta wa duka na kile kiwanja, kinatoka mtaa wa chini na kutokea upande wa soko la Daraja Mbili, na aliyekipita hakulazimika kuzunguka barabara kuu na malori yake. Wanawake wa sokoni walipanda nacho asubuhi na mikungu ya ndizi vichwani, jioni wakashuka nacho, na wakishuka waliingia dukani. Huyu balbu, huyu kilo ya misumari, huyu bawaba ya mlango wa kuku. Wajenzi wakubwa walikuwa wamehamia zamani kwenye maghala ya barabarani, wala hawakuaga. Waliobaki ni hawa wa kichochoroni. Ndio waliomlisha Chandrakala, na kikifungwa, duka nalo lingefungwa.

Na duka likifungwa, ni Leicester, Uingereza. Huko ndiko aliko mwanawe Jay, aliyempigia simu kila jioni na wimbo mmoja: Mama, funga duka, njoo. Jay alikuwa na moyo mzuri, hilo halina ubishi. Lakini Chandrakala alizaliwa Kisii, mumewe Natwarlal alifia Kisii na maiti yake ikachomwa hapohapo kwa desturi ya Kihindi, na hakuona kwa nini amalizie siku zake katika chumba cha juu cha nyumba ya mkwewe, akitazama mvua isiyomhusu.

Basi alikwenda kwenye kikao cha maoni ya wananchi na akasimama akasema. Afisa wa mipango alikuwa mama mmoja mkavu, mwenye miwani, asiyecheka hovyo. Alimsikiliza hadi mwisho.

"Njia inayopitwa na watu haifungwi na mchoro," afisa alisema. "Nikikuta watu wanapita, hawa watachora upya. Nikikuta hawapiti, msinililie. Tutakuja wiki ijayo kujionea. Siku hatutaji, tusije tukafanyiwa maigizo."

Ukumbi ulipiga makofi. Nje, Orpah, muuza ndizi aliyepita kichochoro hicho tangu akiwa msichana mgongoni ana kitoto cha dada yake, alimshika Chandrakala mkono akacheka.

"Kwani kuna kazi gani hapo, Mama Jay? Tutapita tu. Si ndiyo tunafanyanga kila siku?"

Chandrakala alilala usingizi mzuri siku hizo. Ndilo jambo lililokuja kumuuma baadaye, kwamba alilala vizuri.

Sasa, katika duka lile kulikuwa na desturi, na mtaa mzima uliijua. Mauzo ya kwanza ya siku, ambayo nyumbani kwao waliyaita boni, ndiyo yanayoifungua siku. Mteja wa kwanza harudishwi. Haambiwi hakuna, haambiwi ngoja, haambiwi njoo kesho. Anachoomba anapewa, hata kama faida ni hewa, na pesa yake inaguswa kwenye paji la uso kabla ya kuwekwa chini ya picha ya Lakshmi, mungu wao wa kike wa riziki. Natwarlal alikuwa mkali kwa hilo kuliko kwa jambo lolote. Ukimrudisha wa kwanza, alisema, usishangae ukikaa hadi jioni unatazamana na ndoo. Watu wa mtaa walikuwa wakimtania nalo: Orpah aliwahi kudamka akasubiri mlangoni ili auziwe rangi kwa bei ya kucheka, akauziwa, na Natwarlal mwenyewe akacheka naye.

Aliyeijua desturi hiyo kuliko wote ni Duke. Mama yake Duke alifagia duka hilo miaka mingi, naye Duke alikulia humo, akifanya hesabu za shule juu ya magunia ya saruji na kula wali na dengu meza moja na Jay. Sasa alikuwa mwanamume mzima wa viatu vilivyochongoka, na mwekezaji wa ile moli alikuwa amempa kazi ya kuwa kiungo na jamii. Ni kazi ya kuchekea watu, na Duke tangu utotoni alijua kucheka.

Alhamisi asubuhi Chandrakala alikuwa ndiyo kwanza anainua mlango wa chuma. Udi hajawasha.

"Bwakire, Mama."

"Bwakire, Duke. Mapema hivi?"

"Nimekuja kukufungulia siku. Nipe kufuli, ile kubwa, na mnyororo."

Akampa. Hakumlalia bei. Akaigusisha noti kwenye paji la uso, akaiweka chini ya picha. Duke alitia funguo zote mbili mfukoni, kama ilivyo haki ya mteja, lakini hakuondoka.

"Sasa Mama, nisaidie na kitu moja. Tingatinga inashuka saa hii, na kule mwisho wa kichochoro tumechimba shimo. Mtu akianguka na ndizi yake ni mimi nitalala ndani. Hiyo geti ni yako, siwezi kuifunga bila wewe. Tufunge leo tu. Jioni nakuja kufungua mwenyewe."

Geti la mdomo wa kichochoro lilikuwa lake kweli. Natwarlal alilitia mwaka mmoja wa vurugu, vurugu zikaisha, na tangu hapo halikufungwa hata mara moja. Chandrakala alisita.

"Ngoja nimwambie Orpah kwanza. Na hii ni wiki ya wale wa mipango."

Duke hakubishana. Aliitazama picha ya Lakshmi, kisha picha ya Natwarlal yenye shada la maua ya plastiki, kisha akamtazama yeye. Akasema kwa upole, karibu kwa huruma:

"Mama. Mimi ndio wa kwanza leo."

Mungu amsamehe Duke, maana mimi siwezi. Angeweza kudanganya kwa njia nyingine kumi. Alichagua ile aliyofundishwa mezani.

Chandrakala alitoka nje. Bawaba za geti zilikuwa zimeshikana kwa kutu, ikabidi arudi dukani achukue kopo la mafuta azimiminie. Mafuta yake mwenyewe. Geti lilipogoma akalisukuma kwa bega. Duke akapitisha mnyororo, na kufuli akamwachia Chandrakala abane kwa mkono wake. Likalia kwa sauti ndogo tu. Duke akashukuru, akaenda zake.

Wanawake walianza kufika. Walisimama mbele ya geti na mikungu vichwani, wakalitikisa, wakauliza. Chandrakala akawaambia kuna shimo, ni leo tu. Wakaguna, wakageuka, wakashika barabara kuu. Orpah alikuja wa mwisho.

"Leo?" Orpah aliuliza.

"Leo tu. Duke amesema."

Orpah alilitazama kufuli jipya linavyong'aa, akamtazama mwenye duka, akainua mkungu wake akaenda kuzunguka na wenzake.

Lile "leo?" lilibaki masikioni mwa Chandrakala. Alizunguka nyuma ya duka, akapanda juu ya kopo kubwa la rangi na miguu yake mibovu ile, akachungulia ng'ambo ya ukuta. Hakukuwa na shimo. Hakukuwa na tingatinga. Kulikuwa na nyasi, na mbuzi wa mtu amefungwa kwenye kigingi, anatafuna. Alipiga simu ya Duke; haipatikani. Alipiga tena. Alikuwa bado ameshika simu magari ya ofisi ya mipango yaliposimama mbele ya duka. Siku isiyotajwa, kumbe Duke aliijua.

Afisa alishuka na daftari lake, na pembeni yake mchoraji wa moli na mirija ya ramani kwapani. Walisimama mbele ya geti. Kichochoro kilikuwa kimya kuliko kilivyowahi kuwa.

"Geti hili ni la nani?" afisa aliuliza.

"Langu."

"Nani amelifunga?"

Hapo angeweza kudanganya. Mtu mwingine angedanganya. "Mimi," alisema. "Lakini ni leo tu. Haijafungwa hata siku moja, waulize watu."

"Watu gani, Mama?"

Akageuka. Watu walikuwa barabara kuu, wanakwepa malori.

"Basi fungua tuingie."

"Ufunguo sina. Uko na Duke. Huyo wa moli. Alinunua kufuli kwangu asubuhi."

Mchoraji akasema, kwa heshima nyingi, kwamba Duke yuko Nyansiongo tangu jana kwa ng'ombe wake, na kwamba yeye hajui habari za kufuli. Alilisema hilo bila kupepesa. Chandrakala akanyoosha kidole dukani.

"Nina misumeno ya chuma humo ndani! Nitakikata sasa hivi hicho kijinyororo!"

"Mama," afisa alisema, "sisi hatukuja kuvunja. Tumekuja kuangalia." Akashusha miwani kidogo. Hakuwa mtu mbaya. Angekuwa mbaya ingekuwa rahisi. "Hebu nieleze nielewe. Geti ni lako, umelifunga kwa mkono wako, wiki uliyojua tunakuja. Kwa nini?"

Chandrakala akaeleza. Alieleza boni, mteja wa kwanza, picha, Natwarlal. Aliyasikia maneno yakitoka kinywani mwake, maneno aliyoishi nayo maisha yake yote, na kila moja lilikuwa dogo na la kijinga kuliko lililotangulia. Dereva wa afisa aliziba mdomo kwa kiganja.

"Kwa hiyo," afisa alisema taratibu, "ulifunga njia ya umma kwa sababu alikuwa wa kwanza kuingia dukani?"

"Ndiyo."

Dereva hakuweza tena kujizuia. Alicheka. Mchoraji akacheka kidogo, kistaarabu. Chandrakala alisimama katikati yao na nguo yake yenye madoa ya mafuta ya bawaba, na aibu ilimchoma kiasi kwamba hakusikia afisa alipoaga.

Ramani ilipitishwa vilevile ilivyochorwa, na mstatili wake wa kijivu. Waliandika kwamba kinjia kiko ndani ya geti la mtu binafsi, na mwenyewe huwa anakifunga. Mafundi wakaja wakapandisha ukuta wa mabati kuanzia kwenye geti lile. Kufuli waliliacha palepale. Wanawake wa Daraja Mbili walizoea barabara kuu, kama watu wanavyozoea kila kitu, na sokoni ikasemwa kwamba yule Mama Jay alikula pesa za moli. Orpah hakulisema. Wala hakulikanusha.

Kisha asubuhi moja Duke akarudi. Chandrakala alikuwa ndiyo kwanza anainua mlango. Kijana alisimama kwenye kaunta na kile kicheko chake, kana kwamba hakuna lililotokea.

"Bwakire, Mama. Nipe balbu moja."

Nyuma ya Chandrakala rafu nzima ilikuwa balbu, kubwa kwa ndogo, kuanzia sakafuni hadi darini. Duke aliziona. Chandrakala aliona kwamba ameziona.

"Hakuna," alisema.

Kicheko cha Duke kikakatika. "Mama, mimi ndio wa kwanza."

"Najua. Hakuna."

Akaenda. Chandrakala aliwasha udi, akaketi kwenye kiti chake, akangoja. Kwa muda alijisikia vizuri. Jua likapanda. Likasimama. Wanawake walipita kwa mbali, ng'ambo ya barabara kuu, mikungu kichwani, na miongoni mwao alimtambua Orpah kwa mwendo wake. Orpah hakugeuka. Jua likaanza kushuka, na mlangoni hakuingia hata mtu wa kuuliza njia. Alikaa akitazamana na ndoo.

Jioni simu ikalia. Ilikuwa Jay.

"Mama, biashara ilikuwaje leo?"

"Alikuja mmoja," Chandrakala alisema. "Nikamrudisha."