Mwenye Makosa Peke Yake

Mkutano wa Jumatatu ndio uliomchefua Esinam. Bwana Ampadu, bosi wao, alitundika ukutani ukurasa wa makosa ya Esinam, ofisi nzima iuone.

Ukurasa ule Esinam aliuandika mwenyewe. Aliipata bure mtandaoni, programu ndogo ya kumsaidia mwandishi wa programu kujipima: unaanzisha saa ukianza kazi, unaisimamisha ukiitwa, na kila ukikosea unaandika umekosea wapi na umegundua lini. Hakuna aliyemtuma. Kwa kujiandika hivyo alitambua kwamba makosa yake mengi huzaliwa na haraka, na kwamba akiisoma kazi yake polepole kabla ya kuijaribu, hupungua. Bosi alipoomba auone ukurasa huo, alimpa kwa moyo mweupe. Alidhani atasifiwa, maskini.

"Yote haya yako?" Bwana Ampadu akauliza. "Madam, huu mchele au mawe?"

Watu wakaangua kicheko.

"Fiifi, wewe una makosa mangapi?"

"Sina, bosi."

"Umeona?"

Angekuwa nayo vipi, na hajawahi kuandika hata moja! Juzi tu programu yake ilimtoza mteja mara mbili, naye akaenda zake kula waakye, akamwachia Esinam atengeneze.

"Bosi," Esinam akasema kwa hasira, "aliyekwenda kupima malaria ndiye mgonjwa, aliyebaki nyumbani ndiye mzima?"

"Usinifundishe. Kazi ya hospitali ataiongoza Fiifi."

Kazi ya hospitali! Mfumo wa kugawa dawa wodini, ambao Esinam aliuchora mwenyewe na kuusubiri mwaka mzima. Ukaenda hivihivi, kwa sababu alisema kweli.

Bosi hakuishia hapo. Aliamuru kila mtu aitumie programu ile na kumletea ukurasa wake Ijumaa, na mwenye makosa mengi atajieleza. Ijumaa kurasa zikaja nyeupe pe, ofisi nzima malaika. Simu za wateja wanaolalamika ziliendelea kulia vilevile, lakini nani alijali simu? Mwenye makosa alikuwa Esinam peke yake.

Wiki chache baadaye Bwana Ampadu akamwita chumbani kwake, akafunga mlango.

"Dada yangu, mimi sina ugomvi na wewe. Hospitali imemshinda Fiifi. Nataka nikurudishie, leo hii. Ila siwezi kumpelekea mkurugenzi wao ukurasa kama huu wako. Kaurekebishe."

"Nirekebishe makosa kwenye programu zangu?"

"Programu baadaye. Rekebisha namba. Weka sifuri, basi."

Kazi ile Esinam aliitaka, Mungu anajua aliitaka. Ilikuwa pale mezani, neno moja tu aichukue. Akawaza wodi, muuguzi anasoma kipimo cha dawa kwenye kioo cha kompyuta na kukiamini.

"Nikiweka sifuri, bosi, nitajuaje nilipokosea?"

"Kwani nani atakuuliza?"

"Mimi."

"Wewe?" Bwana Ampadu akacheka kidogo, kisha akaona mwenzake hacheki. "Esinam, usiwe mtoto. Nimpe nani basi?"

"Mpe asiyekosea," Esinam akasema, akafungua mlango. "Unao ofisi nzima."