Moshi wa Namba Thelathini na Moja

Ofisini wananiita Bi Pengo, na sina kinyongo, maana kazi yangu ni kuziba mapengo. Mji una vipima hewa arobaini na viwili, visanduku vyeupe vilivyofungwa kwenye kuta za shule, zahanati na nyumba za watu. Kila baada ya dakika kumi kila kimoja hututumia namba: hewa ina moshi na vumbi kiasi gani. Umeme ukikatika au mtandao ukigoma, namba haifiki, na ramani inabaki na tundu. Hapo ndipo modeli yangu inapoingia. Ni programu niliyoifundisha desturi za kila kipima kwa miaka miwili, ili kimoja kikinyamaza ikisie kingesema nini. Juu ya meza nimebandika karatasi: Usipoziba ufa utajenga ukuta. Wenzangu hucheka wakiisoma.

Namba thelathini na moja iko kwa baba.

Baba alikuwa fundi wa saa, na mpaka leo mikono yake haijui kuchelewa. Kila asubuhi, saa kumi na mbili na robo, huwasha jiko la mkaa kibarazani, karibu kabisa na kisanduku changu. Kwenye grafu moshi hupanda ghafla, na kabla ya saa moja umeshashuka. Wakubwa waliwahi kutaka kipima kile kihamishwe, eti kinapima jiko la mzee badala ya hewa ya mtaa. Walisema kweli. Nilikitetea kwa sababu ambayo sikumwambia mtu.

Tangu mama afariki, mimi na baba hatujui kuongea. Mama ndiye aliyekuwa akichukua maneno kwake akayaleta kwangu, na alipoondoka tulibaki na "mzima?", "mzima", "haya". Siku niliyofunga kipima nilimwambia, kwa majivuno ya mtu aliyesoma, kwamba sasa sitamsumbua kwa simu. Nitamwona kila asubuhi. Kikizima tu, nitajua. Akaniuliza kama ni kweli, nikamwambia ni kweli.

Basi nikaacha kupiga. Kila asubuhi nilifika kazini nikafungua grafu kabla sijaweka mkoba chini. Moshi umepanda, mzee yupo, siku inaanza. Pafukapo moshi pana moto. Mchana nilikula peke yangu mbele ya mstari ule, na nisione aibu kuusalimia. Nilikuwa mpweke kuliko nilivyokubali, na mstari ule ulinifanya nijione nina kwetu.

Zamani namba za kukisia zilionekana kwa rangi ya kijivu, za kweli kwa nyeusi. Mwaka huu mkuu wa kitengo akasema wageni wakiona kijivu wanadhani tunabahatisha. Nikazigeuza zote ziwe nyeusi. Ilinichukua dakika mbili.

Jumatatu fundi wa vipima, tunayemwita Ngazi kwa kuwa hatembei bila ngazi yake, alikuja na orodha ya vilivyozimika, akataka kujua aanze na kipi. Namba thelathini na moja ilikuwa ya kwanza. Nikamcheka. Nikamwambia arudi akanywe chai, kwani asubuhi ile ile nimeuona moshi wake kwa macho yangu.

Ngazi si mtu wa kubishana. Alifungua faili la namba ghafi, zile ambazo modeli haijazigusa, akageuza kioo cha kompyuta nione. Kuanzia mwezi uliopita safu ilikuwa tupu. Siku kumi na tisa.

Nilipiga simu ikaita mpaka ikakata. Nikapiga tena. Sikumbuki kama niliaga. Njia nzima nilikuwa nahesabu asubuhi kumi na tisa nilizomwona baba akiwasha jiko, na sikuwa na hakika hata na moja. Nilimwomba Mungu nisikute majirani mlangoni.

Mlango ulikuwa umerudishiwa tu. Baba alikuwa kwenye kiti chake, shati limemzidi mabega. Mezani mbele yake palikuwa na kipima, na waya wake umeviringwa vizuri, ukafungwa na uzi.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Umekuja kukitengeneza?"

"Nimekuja kukuona."

Akaangalia saa ya ukutani, kisha kalenda iliyo chini yake. Siku zilikuwa zimekatwa kwa kalamu, moja baada ya nyingine.

"Nilikichomoa mwenyewe," akasema. "Ulisema kikizima tu utajua. Nikasema, ngoja nimwone mwanangu leo."

Nilijaribu kumweleza. Nilimweleza kuhusu mapengo, na modeli inayokariri desturi ya mtu, na rangi ya kijivu niliyoiondoa kwa mkono wangu. Alisikiliza kama alivyokuwa akisikiliza saa mbovu, kichwa kimeinama upande mmoja. Nilipomaliza akauliza kama mashine ilisema amewasha jiko.

"Kila siku. Saa kumi na mbili na robo."

"Sikuwasha. Siku tatu za kwanza tu ndizo nilizowasha, nikapanga vikombe viwili. Halafu nikaona mkate mkavu unatosha." Akatabasamu kidogo. "Kumbe huko kwenu nilikuwa nakunywa chai."

Sikuweza kucheka. Nimeziba ufa, na ukuta nimeujenga vilevile. Nikaenda kibarazani, nikatia mkaa kwenye jiko, nikapuliza mpaka macho yakatoka machozi, na nilishukuru kuwa na moshi wa kuusingizia. Kipima nilikiacha mezani. Kesho yake modeli ingechora tu moshi wa saa kumi na mbili na robo, wala isingejua kwamba leo jiko limewaka alasiri, na kwamba tulikuwa wawili.

Baba alikuja akaketi kwenye kigoda karibu yangu. Akaangalia makaa yanavyoshika.

"Mama," akaniita hivyo, kama zamani, "na ningekuwa nimekufa? Ingeniwashia jiko mpaka lini?"

Nilijua jibu, kwa sababu modeli niliiandika mwenyewe na sikuiwekea mwisho.

"Mpaka mtu aje kuangalia, baba."

Akatikisa kichwa taratibu, akainuka, akaniletea vikombe viwili.