Jina la Beya Ukumbini

Kanuni ya kukataza mbegu za alizeti ilipita bila ubishi, maana hata waliozoea kuzitafuna walikuwa wamechoka kukanyaga maganda. Ya simu nayo ikapita. Ya kunyoosha mkono kabla ya kusema ilipita kwa manung'uniko. Kisha Saloua, naibu mwenyekiti wa baraza la mji, akafika kwenye ile aliyoitunga mwenyewe. Aliisoma kwa sauti yake ndogo, macho hayabanduki kwenye karatasi.

"Diwani ataitwa kwa cheo chake. Ni marufuku kumwita mtu humu ukumbini kwa jina la utani, au kwa jina la baba yake au la mama yake."

"Sasa tuitane vipi?" Ami Tijani akauliza kutoka viti vya nyuma, walikokaa wananchi. "Kwa namba, kama wafungwa?"

Ukumbi ukaangua kicheko. Mondher, mwuza dawa na mwenyekiti wa baraza, akagonga meza.

"Tuitane kwa heshima, Ami Tijani. Kikao kilichopita mtu alitajiwa baba yake hapa, kiti kikaruka. Umesahau?"

"Nisahau vipi? Kilinipitia sikioni!"

Madiwani wakanyoosha mikono, kanuni ikapita.

Hakuna aliyejua kwamba Saloua hakuitunga kwa sababu ya kile kiti. Aliitunga kwa sababu ya Ami Tijani. Mzee huyo, mkwezi wa mitende aliyestaafishwa na magoti, hakuwahi kukosa kikao tangu wananchi waruhusiwe kuingia. Na kila Saloua aliposimama kusoma hesabu za mji, hakufika mbali kabla hajakatizwa.

"Binti wa Beya! Paza sauti! Mama yako kigelegele chake kilifika mpaka bondeni, wewe na kipaza sauti juu hatukusikii!"

Watu walicheka, wala si kwa ubaya. Beya ndiye aliyekuwa akiwapaka hina maharusi wa mji ule wa mitende, kusini mwa Tunisia, na kigelegele chake ndicho kilichofungua kila harusi. Kusoma hakujua. Bintiye alikwenda Tunis akasomea sheria, akarudi, akagombea, akachaguliwa. Lakini Ami Tijani alipoita hivyo, elimu yote iliyeyuka, Saloua akawa tena yule mtoto wa kushika bakuli la hina, mikono imepakwa mpaka viwiko. Alitamani, angalau humo ukumbini, awe Saloua tu.

Beya alikuwa amefariki wakati wa baridi, mwaka uliotangulia.

Kikao kilichofuata kilikuwa kimya kama darasa lenye mtihani. Saloua alisoma hesabu tangu mwanzo mpaka mwisho bila mtu kumkatiza. Ami Tijani akanyoosha mkono, akangoja, akaruhusiwa.

"Mheshimiwa Naibu Mwenyekiti," alisema taratibu, kama mtu anayetafuna mkate wa juzi. "Taa ya kichochoro cha kisimani imezimika. Ahsante."

Akaketi.

Saloua akaandika. Kisha akabaki na kalamu hewani, anangoja, asijue anangoja nini. Alikuwa kama mtu aliyezoea adhana ya msikiti wa jirani; siku isiposikika, hubaki ameshika birika la udhu mkononi.

Jioni alifungua mlango wa nyumba yao, akabandika chai ya kijani jikoni, akatoa bilauri mbili. Akairudisha moja kabatini. Hapo ndipo alipojua alichokuwa akingoja.

Katika mji ule, jina la marehemu haliachwi lianguke chini hivi hivi. Mtu akilitaja, aliye karibu hulidaka: Mungu amrehemu. Na kila Ami Tijani alipolitupa jina la Beya, ukumbi mzima ulilidaka. Mondher akipekua faili zake, mahasimu wa kambi zote mbili za baraza, watafunaji wa mbegu, wote walinong'ona bila hata kufikiri. Aliyekuwa katikati ya tusi alilikatiza, akamwombea Beya rehema, kisha akalimalizia tusi lake. Kila kikao mama yake alipata dua ya ukumbi uliojaa, na Saloua, mashavu yakimwaka kwa haya, hakuisikia. Sasa alikuwa ameipiga marufuku.

Na kwingine ingetoka wapi? Kaka zake walikuwa Lyon, siku hizi wakipiga simu sikukuu kwa sikukuu. Maharusi walipakwa hina saluni, na wasichana wa saluni walikuwa hawamjui Beya. Hapo nyumbani alibaki yeye peke yake, ataje jina mwenyewe, alidake mwenyewe.

Kikao kilichofuata alisimama akaomba kanuni ile ifutwe.

"Si uliitunga wewe mwenyewe, Bi Saloua?" Mondher akashangaa. "Haya, tupe sababu."

Saloua alifungua kinywa. Kisha akainamia karatasi zake.

"Nimeona... ni kali mno."

"Kali wapi!" diwani mmoja akadakia. "Siku hizi hata mke wangu ananiita Mheshimiwa. Msiniharibie!"

Walipoacha kucheka, kura zikapigwa. Mkono ulionyooka ulikuwa wa Saloua peke yake, na mwingine kule nyuma.

"Ami Tijani, wewe huna kura," Mondher akasema.

"Si mlisema tunyooshe mikono? Nami nimenyoosha."

Kikao kilipofungwa, Saloua alitoka wa mwisho. Mbarka, mama wa usafi, alikuwa akimwagia maji ngazi za mbele. Ami Tijani alikuwa ameketi kwenye ngazi kavu, anafungua pakiti yake ya mbegu za alizeti.

"Ami Tijani."

"Naam, Mheshimiwa."

"Kikao kimefungwa."

Mzee akainua macho kutoka kwenye pakiti.

"Kimefungwa kabisa?"

"Kabisa."

Akatema ganda.

"Haya basi, binti wa Beya. Na ile taa yangu je?"

"Mungu amrehemu," Mbarka akasema juu ya ndoo yake, wala hakuinua kichwa.

Ilikuwa sauti moja. Saloua alisikiliza kama kuna nyingine, akasikia maji tu yakishuka ngazi kwa ngazi.

"Mungu amrehemu," akasema naye.

"Hatukusikii," mzee akasema, safari hii kwa upole.

Akarudia, kwa nguvu zaidi. Kisha akaaga, akashika njia ya nyumbani kupitia kichochoro cha kisimani, ambako taa ilikuwa bado haijawashwa.