Nipe Mji

Nyumbu alikuwa na jina. Liliandikwa chini ya picha yake, na Lukumani, kijana aliyetembeza wageni katika chumba cha vita cha makumbusho pale Tabora, alilisoma kwa sauti ya msibani. "Huyu ni Lota, nyumbu aliyepandwa na afisa wa Kijerumani. Mbung'o walimmaliza njiani."

"Masikini," wakasema akina mama waliokuja na Nyamizi kutoka kijiji cha ujamaa. Pelagia alijifuta macho kwa ncha ya kanga.

Nyamizi hakumtazama nyumbu. Nyuma ya mnyama ulipita msururu wa wapagazi, mizigo imewafunika nyuso. Alisogea hata pumzi yake ikatia ukungu kwenye kioo.

"Mjukuu wangu, Shilinde ni yupi hapa?"

"Shilinde nani, bibi?"

"Mume wangu. Walimkamata shambani, wakambebesha mizigo ya vita hii."

Lukumani akajikuna shingo. "Wapagazi hawakuandikwa, bibi. Ila bunduki ya afisa ipo, njoo uione."

"Bunduki ataifanyia nini?" Pelagia akadakia. "Huyu tangu enzi za Mjerumani ameolewa na kitendawili." Wenzake wakacheka, kisa chenyewe walikijua.

Asubuhi ile ya kukamatwa, kamba ikiwa shingoni, Shilinde alimgeukia mkewe kama mtu anayekwenda kisimani tu.

"Kitendawili."

"Tega," Nyamizi alijibu huku analia.

"Naondoka naye, narudi naye, uso wake sijauona."

Nyamizi akashindwa.

"Basi nipe mji."

"Sikupi. Rudi ndipo nikupe."

Ukitoa mji, unapewa jibu, na mchezo umekwisha. Yeye hakutaka uishe. Peke yake jikoni alikisia: kivuli, njaa, mauti. Waliokuja kumposa aliwarudisha. Watu walipohamishiwa kijiji kipya, ilibidi abanduliwe kizingitini, kwani Shilinde angempata wapi tena?

Sasa aliitazama ile miguu pichani, magoti na vifundo vilivyojaa vumbi. Yeyote kati yao angeweza kuwa Shilinde. Na hata jibu akilipata leo, nani wa kumwambia kwamba amepata?

Wenzake walikwisha kwenda kwenye bunduki. Nyamizi aliweka kiganja juu ya kioo, akakipitisha polepole kwenye msururu wote, asimruke hata mmoja.

"Haya, mume wangu," akanong'ona. "Nakupa mji. Chukua Tabora."

Akangoja, kama ilivyo desturi.

Chumba cha pili, Lukumani alikuwa anaeleza jinsi bunduki ile inavyopakwa mafuta kila Ijumaa, isije ikashika kutu.