Sabuni Haishiki

Petroli ilikuwa imelowesha mchanga chini ya lori. Shomari, dereva wake na fundi wake pia, alilala chali juu ya gunia, akapitisha kidole chini ya kabureta. Kilitoka na sabuni aliyozibia ufa wake, imelainika kama uji. Ufa umefunguka tena. Usiku kucha mafuta yalidondoka humo, na kabureta ikiamka kavu, gari haliwaki.

Akamwendea meneja wa machimbo ya mawe, Mzungu aliyesimama mlangoni na kikombe cha chai.

"Bwana, sabuni haishiki. Ile kabureta mpya niliyoomba tangu Ramadhani…"

"Bandarini wanangoja mawe. Washa gari."

Shomari akamwita Nassibu, mdogo wake wa tumbo moja, utingo wa lori hilo. Kazi yenyewe ni Shomari aliyemwombea, kijana alipotaka kuoa.

"Nimimine tena, kaka?"

"Kidogo tu. Kisha ujitoe."

Nassibu akapanda kwenye bampa, akainamia injini, akamimina petroli kinywani mwa kabureta kwa kopo la maziwa. Shomari akazungusha hendeli ya kuwashia, pale mbele ya lori. Injini ikakohoa, ikanyamaza.

"Ongeza, mpumbavu!" meneja alipaza sauti.

Nassibu akaongeza. Shomari hakuinua macho. Alivuta hendeli kwa nguvu zake zote.

Moto ukarudi nyuma kwa kishindo, ukatokea kinywani mwa kabureta, ukalikuta kopo lingali mkononi.

"Mchanga! Leteni mchanga!"

Watu wakaja mbio na makoleo. Meneja alikuwa akiwaonyesha injini, waizime hiyo kwanza. Shomari peke yake alimgaragaza mdogo wake chini, akimpiga kwa gunia, na gunia nalo likashika moto.

Hospitalini, katika wodi ya Waafrika, Nassibu alifungwa bendeji mpaka machoni.

"Kaka, limewaka?"

"Limewaka, mdogo wangu."

Alfajiri Nassibu akakata roho.

Shomari alirudi machimboni kuomba lori, wamchukue maiti mpaka makaburini. Alikuta boneti imefungwa. Kabureta mpya ilikuwa imekwisha kutiwa jana ile ile.

"Pole," alisema meneja. "Lakini jana hatukupeleka hata jiwe moja. Unaendesha, au nitafute mwingine?"

Shomari alimfikiria mama yake, akamfikiria Mwajabu, mjane wa Nassibu, aliye na mimba. Akapanda. Meneja akaketi kando yake. Injini iliitika mara moja.

Walipofika Temeke na mawe ya bandarini, njia ilikuwa imejaa watu. Jeneza lilipita mabegani, kila mtu akilipokea hatua chache na kumpa mwenzake. Shomari akakanyaga breki.

"Ni ndugu yangu, bwana. Niache nimbebe kidogo tu."

Meneja akanyoosha mkono, akabonyeza honi. Waombolezaji waligeuka, wakashuka mtaroni, jeneza likayumba mabegani mwao. Shomari akatoa mkono dirishani kulipokea. Haukufika.

Honi ikalia tena.